Pokea Hiyo Simu

Umesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, umerudi Karatu na shahada yako, umepata vibarua hapa na pale, na siku hizi namba ngeni ikiita unaiacha iite mpaka ikate. Basi sogea tuzungumze. Haya ni maneno kwako wewe unayefundisha kwa kujitolea Endabash, wewe unayewapeleka wageni kreta kwa malipo ya safari hadi safari, wewe uliyekodi shamba la vitunguu Mang'ola, na wewe wa Ngorongoro ambaye mzee alitoa ng'ombe zizini ili upate nauli na godoro la mwaka wa kwanza. Nina neno moja na nitalisimamia mpaka mwisho: deni lako linalipika, ila halilipwi na mtu aliyejificha. Toka ulikojificha. Pokea hiyo simu.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema dawa ya deni ni kubadili laini.

Kujificha nako kuna bei

Tuanze na hesabu ambayo wengi hawaipigi. Mhitimu anayemkimbia mdai huanza kwa kuzima simu, lakini haishii hapo. Loji ya ukingoni mwa kreta inatangaza nafasi ya mhasibu. Sifa anazo, haombi, maana anajua jina lake likiingia kwenye orodha ya mishahara makato yataanza. Anakubali kibarua cha kulipwa mkononi, bila mkataba, bila mchango wa NSSF, bila likizo. Ameokoa asilimia 15 ya mshahara na amepoteza mshahara wenyewe.

Kisha anakwepa benki, kwa sababu amesikia kwamba majina ya wadaiwa sugu hupelekwa kwenye taasisi za taarifa za wakopaji. Duka analifungua kwa leseni yenye jina la shemeji, na siku shemeji akinuna, duka linaondoka na shemeji. Rafiki akimtajia nafasi ya shahada ya pili, anabadilisha mazungumzo. Miaka mitano inapita hivyo. Kila siku amelipa kitu kwa ajili ya lile deni: ajira, biashara, usingizi. Na deni lenyewe halijapungua hata shilingi.

Najua kinachokufunga mdomo ni aibu kuliko ukata. Nyumbani wewe ni msomi. Siku ya mahafali walikuja na matarumbeta, mama akavaa kitenge kipya, jirani akamwambia mwanawe asome kama wewe. Utaanzaje kuwaambia watu hao kwamba unadaiwa mamilioni na huna hata elfu tano ya vocha? Lakini mficha uchi hazai. Serikali ilikukopesha kwa sababu ulikuwa huna, na kukosa ajira miaka miwili baada ya chuo hakukufanyi mwizi. Mwenye deni ni mtu mwenye kazi ya kumaliza, kama mwenye shamba lenye magugu. Kazi hiyo ina hatua zake, nazo zinaanza kwa kujua unadaiwa nini.

Lijue deni lako kwa tarakimu

Sauti ya mdai humtisha sana mtu asiyejua anadaiwa kiasi gani. Anayejua, hushtuka kidogo kisha hujibu.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na ikaanza kazi Julai 2005. Inadai hata mikopo iliyotolewa na Serikali kabla yake, tangu mwaka wa masomo 1994/95. Kwa hiyo usidhani uko peke yako. Huenda mwalimu aliyekufundisha hesabu kidato cha pili alikuwa akikatwa makato hayohayo huku akikuchapa kwa kukosa jedwali la saba.

Kurejesha kunaanza miezi 24 baada ya kumaliza masomo. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kabla ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 makato yalikuwa asilimia 8, na waliosaini mikataba ya asilimia 8 wakaamka wanakatwa 15 wana sababu ya kunung'unika. Ukijiajiri, kiwango ni asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi, na kisipungue shilingi 100,000 kwa mwezi.

Sasa sikiliza habari njema ambayo wengi waliokimbia hawakubaki kuisikia. Kwa miaka mingi deni hili lilikuwa na tozo ya kulinda thamani ya fedha, asilimia 6 kila mwaka, na juu yake adhabu ya asilimia 10 kwa aliyechelewa. Mei Mosi ya mwaka 2021, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta ile asilimia 6. Mwaka huohuo na adhabu ya asilimia 10 ikafutwa.

Piga hesabu uone uzito wa jambo hilo. Chukua deni la shilingi milioni 8. Asilimia 6 yake ni shilingi 480,000 kwa mwaka, yaani 40,000 kwa mwezi. Enzi za tozo, aliyelipa 40,000 kila mwezi alikuwa anatwanga maji kwenye kinu: mwisho wa mwaka deni lilikuwa palepale. Leo 40,000 hiyohiyo inakwenda kulikata deni. Ukilipa 100,000 kila mwezi, milioni 8 inaisha kwa miezi 80, miaka sita na miezi minane. Mwenye mshahara wa msingi wa 600,000 anakatwa 90,000, na deni hilo linaisha kwa miezi 89. Ni safari ndefu, sikufichi. Lakini ina kituo cha mwisho, na ile ya kujificha haina.

Wenzetu hawana bahati hiyo. Kenya, bodi yao ya HELB iliyoanzishwa mwaka 1995 hutoza riba ya asilimia 4, na anayeshindwa kulipa hupigwa faini ya shilingi 5,000 za Kenya kila mwezi. Marekani, baada ya ahueni iliyoanza wakati wa korona mwaka 2020, serikali ilirudi kukusanya kwa nguvu mikopo ya wanafunzi iliyoshindikana tarehe 5 Mei 2025. Deni la Mtanzania wa leo halikui akiwa amelala. Nafasi ya namna hii haichezewi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupata taarifa ya deni lako. Iombe kupitia mfumo wa Bodi wa mtandaoni, au panda basi stendi ya Karatu uende ofisi yao ya kanda Arusha. Beba namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, maana kumbukumbu zako zimefungwa humo, na kitambulisho cha NIDA. Ukiipata, isome mstari kwa mstari kama unavyosoma mkataba wa shamba. Ada iliyolipwa chuoni ni kiasi gani? Fedha za chakula na malazi, lile bumu tulilolisubiri kama mvua ya vuli, ni kiasi gani? Kama uliahirisha mwaka, je, umeandikiwa fedha ya muhula ambao hukuwepo? Makato ya ile ajira ya mkataba uliyofanya miezi minane yameonekana? Palipo na kosa, andika barua, ambatisha ushahidi, baki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Deni likishahakikiwa, limekuwa lako na umelijua. Hakuna atakayekutisha nalo tena.

Simu inapoita

Tuseme ni saa nne asubuhi, uko gereji kando ya barabara ya Ngorongoro, fundi yuko uvunguni anabadili springi iliyovunjika jana ukitoka Serengeti. Simu inaita. Namba ngeni. Pokea.

"Habari za asubuhi. Naongea na mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu?"

"Nzuri, dada. Ndiye mimi. Naomba jina lako na ofisi unayopigia."

"Nakusanya madeni kwa niaba ya Bodi. Kaka, umechelewa sana. Unalipa lini?"

"Nashukuru umenitafuta, dada yangu. Kabla sijakujibu naomba vitu vitatu kwa maandishi: barua inayoonyesha Bodi imekutuma, mchanganuo wa deni, na namba ya malipo ya Serikali."

"Hayo yatachukua muda. Wewe tuma hata laki moja sasa hivi, nakupa namba yangu, mimi nakuingizia."

"Hapo hapana, dada. Kwa namba ya mtu silipi. Nikipata namba ya malipo, tarehe 28 naweka elfu hamsini, na mgeni wa Julai akiingia naongeza. Nakuandikia ujumbe sasa hivi ili tubaki na kumbukumbu."

Soma tena mazungumzo hayo. Huyu kijana hakutukana wala hakulia. Hakudanganya kwamba yuko msibani. Hakuahidi milioni asiyokuwa nayo ili tu mtu akate simu. Ametaja kiasi kidogo anachokiweza, hata kama bado hakijafika ile laki ya kila mwezi, na tarehe anayoijua, kisha akakataa kabisa kutuma fedha kwa namba binafsi. Watanzania wote tunaijua ile ya "ile hela tuma kwa namba hii". Matapeli wanajua kwamba mwenye deni la Bodi ana hofu, na mwenye hofu hulipa haraka bila kuuliza. Malipo halali yana namba ya malipo ya Serikali, yenye tarakimu 12, unayoweza kuilipia benki, kwa wakala au kwenye simu yako, na risiti inasoma jina la Bodi. Ukimaliza kuongea, andika kwenye daftari: tarehe, saa, jina la aliyepiga, mlichokubaliana. Daftari la shilingi mia tano limewaokoa watu wengi kuliko maneno matamu.

Wajue pia wanaokuja. Wakala wa kukusanya madeni ni mtu aliyetumwa kukukumbusha na kupatana nawe. Hana mamlaka ya kuingia ndani kwako na kubeba televisheni. Dalali wa mahakama ni mwingine: huyu huja baada ya kesi na hukumu, akiwa na amri ya mahakama mkononi. Anayekuja bila amri akitishia kubeba vyombo, mwombe akuonyeshe karatasi, mwite balozi au mwenyekiti wa kitongoji asikie, kisha mwambie karibu chai, vyombo vinabaki. Ukiletewa wito wa mahakama, hapo usifanye mzaha hata kidogo. Nenda siku uliyoitwa. Hukumu nyingi mbaya huwapata wasiofika.

Na heshima iwe pande zote. Yule dada wa simu naye ana malengo ya mwezi, ana bosi, pengine naye anakatwa mkopo wake. Ukimheshimu na kushika neno lako miezi miwili mfululizo, jina lako linahama kutoka orodha ya wanaosumbua kwenda orodha ya wanaolipa. Huko simu hupungua zenyewe.

Usizibe tundu kwa kuchimba shimo

Sasa onyo, na hili nalisema kwa sauti. Usikope kausha damu ili umtulize wakala wa Bodi.

Wakulima wa Mang'ola wanaijua lumbesa: gunia la vitunguu linajazwa mpaka linazidi mdomo, linashonewa kilemba juu, mnunuzi analihesabu gunia moja na mkulima anakuwa ametoa karibu moja na nusu. Kausha damu ni lumbesa ya fedha. Unaambiwa umekopa laki mbili, rudisha laki mbili na arobaini wiki ijayo. Inasikika ndogo. Hiyo ni asilimia 20 kwa wiki moja. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba ya wakopeshaji wadogo wasiopokea amana kuwa asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa laki mbili ni shilingi 7,000. Umetozwa 40,000 kwa siku saba, na ukichelewa gunia linashonewa kilemba kingine.

Wapo na wa kwenye simu. Unapakua programu, unabonyeza kukubali bila kusoma, unapata elfu hamsini ndani ya dakika. Ukichelewa siku mbili, shangazi yako wa Mbulu, mwenyekiti wa kwaya na mteja wako wa Arusha wanapokea ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za namna hiyo zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda majina yaliyomo kwenye simu yako, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Kama tayari umenaswa, hifadhi kila ujumbe, piga picha kila kioo, uliza leseni, peleka malalamiko. Waliokutangaza kwa ndugu zako ndio wenye la kujibu.

Deni la Bodi halina riba leo. Kulilipa kwa fedha yenye riba ya wiki ni kuuza ng'ombe wa maziwa ununue kamba ya kumfungia.

Fedha itoke wapi?

Utaniambia: maneno mazuri, hela iko wapi? Swali la haki. Tuliangalie kwa macho ya watu wa huku.

Uchumi wa Karatu hauna mwisho wa mwezi. Una misimu. Mwongoza watalii anajua Julai na Agosti atalala nyumbani siku chache, na Aprili mvua zikikaza atakaa kijiweni akicheza bao. Mkulima anajua fedha huonekana akivuna. Mfugaji anajua soko la mifugo linalipa lini. Basi kwa nini upange kulipa kama karani wa benki? Panga kwa msimu. Kwenye kila safari, kabla tipu haijaonja mfuko, toa fungu la Bodi uliweke pembeni kwenye akaunti au kikoba chako. Miezi ya wageni lipa zaidi, ili miezi ya masika usitafutwe. Ukivuna vitunguu, tenga gunia la Bodi shambani kabla ya kukutana na dalali. Mwambie huyo anayekupigia kwamba kipato chako ni cha msimu, mwandikie, pendekeza mpango wenye tarehe. Usingoje akupangie mtu wa Dar es Salaam asiyejua kwamba Mei hapa magari ya wageni yanayopanda geti la Lodoare huwa machache.

Na wageni wapo. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020 korona ikawashusha hadi kama 620,000, na kila mtu wa Karatu anakumbuka magari ya safari yalivyofunikwa maturubai na vijana walivyouza simu zao. Ulipoacha kulipa wakati ule ulikuwa na sababu. Lakini mwaka 2023 walifika milioni 1.8, na 2024 wakapita milioni 2.1. Barabara ya kwenda kreta ina foleni tena. Sababu ya mwaka 2020 imekwisha muda wake.

Kama huna mtaji wa kuanzia, kuna fungu ambalo wahitimu wengi hulidharau: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 ikarejea mwaka 2024, na haina riba. Inatolewa kwa vikundi, kwa hiyo tafuta wenzako mnaoaminiana, andikeni andiko la mradi wa kweli, muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Wewe ndiye uliyefundishwa kuandika mapendekezo chuoni. Itumie elimu hiyo kujilipia yenyewe.

Na zima mikeka. Elfu mbili ya kila jioni kwenye kubeti ni elfu sitini kwa mwezi. Wakala wa Bodi angeipokea kwa shukrani.

Uliyeajiriwa, kagua

Wewe mwenye mshahara usidhani haya hayakuhusu. Mwajiri anatakiwa kuijulisha Bodi ndani ya siku 28 baada ya kuajiri mhitimu, na makato anatakiwa kuyawasilisha ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. Wapo wanaokata na wasiwasilishe. Wewe unaona slipu imepungua, unatulia, kumbe kwenye vitabu vya Bodi deni liko vilevile, na siku simu ikija unapandwa na hasira. Kila baada ya miezi mitatu linganisha slipu zako na taarifa ya deni. Pakiwa na pengo, zungumza na mhasibu kwanza, kwa upole. Asipokusikia, ipelekee Bodi nakala za slipu. Usitupe slipu hata moja mpaka siku utakayopewa cheti cha kumaliza deni.

Aliyekuwekea kidole

Kumbuka ile fomu ya mkopo. Ilipita kwa mtendaji wa kijiji ikagongwa mhuri, ikapita kwa wakili au hakimu, na kwenye sehemu ya mdhamini kuna mtu aliandika jina lake kwa taabu, au aliminya kidole gumba kwenye wino wa bluu kisha akakiminya kwenye karatasi, taratibu, kama anayegusa mtoto aliyelala. Alikuwa mama, au baba mdogo, au mjomba. Hakusoma vifungu. Alikuamini. Ukitoweka, jina linalobaki kwenye jalada ni la huyo mtu. Usimwache apokee simu inayokuhusu wewe.

Kwa wenzetu wa Ngorongoro kuna jambo la ziada. Tangu Juni 2022 familia nyingi zimehamia Msomera, Handeni, na nyingine sehemu mbalimbali. Barua ya Bodi iliyotumwa kwa anwani ya kijiji cha zamani haikufuati. Ukikaa kimya unahesabiwa mkaidi, kumbe hukupata taarifa. Badilisha anwani, weka namba ya simu inayopatikana, uwaambie uko wapi.

Kisha waangalie madogo. Fedha unayorejesha inaingia kwenye mfuko uleule unaowakopesha wanaokuja. Bajeti ya mikopo ilikuwa shilingi bilioni 464 mwaka 2020/21 na ikafika bilioni 787 mwaka 2024/25, na bado kila mwaka wapo wanaokosa. Mwaka 2024 Bodi ilizindua kampeni ya "Fichua, Kuwa Hero wa Madogo", ikiwaomba wananchi watoe taarifa za wadaiwa wasiolipa. Usimpe jirani kazi ya kukufichua. Jifichue mwenyewe, kwa jina lako kamili, ukiwa na risiti mkononi. Kuna binti yuko kidato cha sita sasa hivi, anasoma kwa taa ya sola, baba yake ana ekari moja ya mahindi Rhotia. Atahitaji ulichohitaji wewe.

Mpaka mnada ujao

Karatu mnada ni tarehe 7 na 25 za kila mwezi. Wowote unaofuata baada ya kusoma haya, huo ndio muda wako wa mwisho. Kabla ya mnada huo uwe umeomba taarifa ya deni. Uwe umemrudia yule uliyekuwa ukimkwepa na kumtajia kiasi na tarehe. Uwe umepata namba ya malipo na kuilipia chochote ulichonacho, ukahifadhi risiti. Hakuna hatua kati ya hizo inayohitaji utajiri.

Ulifaulu darasa la saba ukitembea kilomita nyingi kwenye baridi ya Ngorongoro. Ulifaulu kidato cha nne, cha sita, ukakaa chuo kwa mlo mmoja bumu likichelewa, na ukatoka na shahada. Mtu wa namna hiyo hashindwi na deni lisilo na riba. Liandike ukutani kwa miezi iliyobaki, kama ile milioni 8 ya mfano wetu: 80. Ukilipa mwezi huu, futa, andika 79. Mwezi ujao, 78. Anza kuhesabu kurudi nyuma, na usisimame mpaka ufike sifuri.